Mboga zenye kujikinga na wadudu: OGM ni nini kwa mkulima wa Kamanyola?

Tomati inaonekana nzuri kwa macho, lakini ukipasua, funza yuko ndani. Wakulima wa bonde la Ruzizi wanajua hasara hiyo. Dawa ya pompa haimfikii tena funza aliyeisha kuingia mu tunda. Ndiyo maana kuna wenye kuongeza kipimo, kuchanganya dawa mbili, ao kupiga dawa karibu na siku ya kuvuna. Kiisha tomati zinapanda gari kuelekea Bukavu ao Uvira, na mwenye kuzila hajui.

Wengine wanauliza: mbegu za OGM haziwezi kumaliza shida hii?

Bakteria ya udongo

Mu udongo kunaishi bakteria inayoitwa Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Inatengeneza proteini yenye kuharibu tumbo la funza wa aina fulani. Funza anaacha kula, kiisha anakufa. Mtaalamu wa Japani, Ishiwata, aliiona mwaka 1901 ndani ya viwavi vya hariri vilivyokuwa vinakufa. Mwaka 1911, Mjerumani Ernst Berliner aliipata tena ku Thuringia, na jina limetoka kule.

Kuna wakulima wenye kupiga Bt kama dawa ya kawaida. Ku OGM, wataalamu wanachukua jeni yenye kutengeneza proteini ile, wanaiweka ndani ya mmea wenyewe. Funza akitafuna, anakula na sumu yake. Tumbo la mtu ni tofauti: proteini hiyo inasagwa kama chakula kingine, na haina pa kushika.

Mfano wa Bangladesh

Mboga inayojulikana zaidi kwa jambo hili ni biringanya, ile wengi wanaita aubergine. Bangladesh iliruhusu biringanya ya Bt Oktoba 2013, na Januari 2014 wakulima 20 walipokea miche ya kwanza. Mbele ya hapo, wengi walikuwa wanapiga dawa mara kadhaa kwa wiki juu ya kiwavi anayetoboa matunda. Leo maelfu wanailima. Dawa ya kiwavi huyo imepungua na mavuno yameongezeka. Mbegu ilitoka ku kituo cha utafiti cha serikali, na mkulima anaweza kuiweka kwa msimu unaofuata.

Lakini India, jirani wao, ilisimamisha biringanya hiyo Februari 2010, juu watu na wataalamu hawakusikilizana.

Tena, Bt haizuii kila kitu. Nzi weupe na magonjwa vinaendelea kushambulia. Na kama shamba lote ni Bt, funza wanaweza kuizoea. Ndiyo sababu wakulima wanaombwa kupanda mistari ya biringanya za kawaida kandokando.

Na Kamanyola?

Tomati ya Bt haiuzwi mahali popote duniani, na Kongo haijaruhusu wakulima kulima OGM. Mwenye kuuza "mbegu ya tomati OGM isiyoliwa na funza" anadanganya. Mbegu ya hibridi si OGM: ni aina mbili zilizozalishwa pamoja kwa njia ya maua.

Majirani hawako na msimamo mmoja. Kenya iliruhusu pamba ya Bt Desemba 2019. Oktoba 2022 iliondoa katazo la vyakula vya OGM, na mambo yakafika mahakamani. Uganda, Rais Museveni alirudisha sheria bungeni Desemba 2017. Tanzania ilisimamisha majaribio ya shambani Novemba 2018. Ku Kamanyola, penye Rwanda na Burundi ziko karibu sana, mbegu inaweza kuvuka mpaka ndani ya mfuko kabla sheria haijafika.

Kwa sasa, kinga iko mu mikono: kuokota matunda yaliyotobolewa na kuyaharibu, kutopanda tomati mahali palipotoka tomati, viazi ao biringanya, kulinda miche kwa chandarua. Ukipiga dawa, funika mdomo na mikono, tena heshimu siku zilizoandikwa ku chupa mbele ya kuvuna.

Na siku mbegu ya OGM itafika kwa ruhusa, mkulima aulize maswali matatu: inazuia mdudu gani? Mwenye mbegu ni nani? Msimu ujao, nitaruhusiwa kupanda ile niliyoweka?