Kompyuta ndogo ya mezani kwa chumba kimoja Hola: uliza haya kabla hujalipa

Chumba ni cha futi kumi kwa kumi. Kitanda kimechukua upande mmoja, mtungi wa gesi na ndoo za maji upande mwingine, na meza iliyobaki inatosha sahani nne. Sasa unataka kompyuta. Kijana anaomba mkopo wa HELB, majirani wanataka kujaziwa ritani za KRA kabla ya Juni 30, nawe umeona hapo pana riziki. Kwa chumba kama hicho mjini Hola, sisi tungeangalia kwanza zile kompyuta ndogo za mezani ambazo wauzaji huziita "mini" au "tiny". Pesa za wanunuzi wengi hazipotei kwenye bei ya mashine. Zinapotelea kwenye vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza kabla ya kubonyeza PIN.

Majina utakayokutana nayo ni HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny. Nyingi zimetumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa hapa, na madukani utasikia zikiitwa "ex-UK". Zote zinakaribiana kwa umbo: sentimita 18 hivi kila upande, unene sentimita tatu na nusu. Zinasimama kando ya skrini kama kitabu, na ukipata kishikio chake unaweza kuifunga kwa skrubu mgongoni mwa skrini, meza ikabaki yako.

Stima nayo haili sana. Ukiandika barua au kufungua eCitizen, mashine hii hutumia kama wati 10 hadi 20. Ongeza skrini ya LED ya inchi 19 au 22, kama wati 20 nyingine. Tuseme jumla ni 40. Ukifanya kazi saa nane ni yuniti 0.32, yaani theluthi moja ya yuniti ya token kwa siku nzima.

Mbona nisinunue laptop?

Swali la haki kabisa. Kama stima inapotea kwenu kila mara na kazi yako haiwezi kungoja, nunua laptop. Kompyuta ya mezani haina betri, stima ikienda inazima papo hapo na barua uliyokuwa hujahifadhi imekwenda nayo. Lakini laptop iliyotumika mara nyingi huja na betri iliyochoka, na joto la huku haliisaidii. Kibodi yake ikiharibika, ni kazi ya fundi. Kwenye ile ya mezani unachomoa kibodi mbovu na kuchomeka nyingine.

Ukichagua ya mezani, basi hesabu na UPS. Ya 650VA inatosha mashine na skrini kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke kwenye betri ya UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Na ukinunua UPS iliyotumika, ichomoe ukutani mbele ya muuzaji huku kompyuta inawaka. Ikizima hapo hapo, betri imekufa.

Joto, vumbi na maji

Mchana wa Hola hupita nyuzi 30 bila shida, na kisanduku hiki kina feni moja ndogo. Kinahitaji hewa. Usikifungie kabatini, usikiweke karibu na gesi, na tafadhali, kile kitambaa kizuri cha kushonwa tunachofunikia televisheni kisikifunike kikiwa kinawaka. Kila baada ya miezi michache mpe fundi akipulize vumbi. Ukisikia feni inapiga kelele muda wote, vumbi limejaa au gundi ya joto juu ya prosesa imekauka. Hiyo ya pili ni kazi ndogo kwa fundi anayejua.

Udogo wake una faida nyingine kwa watu wa mto. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliikata barabara ya kwenda Garissa pale Mororo, na familia nyingi za Tana River zilihama nyumba. Kisanduku cha namna hii unakichomoa, unakitia kwenye begi la shule na kuondoka nacho. Kumbuka pia barabara hiyo unapoagiza mzigo Nairobi msimu wa mvua: muulize muuzaji basi litapita Garissa au litazunguka Malindi na Garsen, na nani atabeba hasara mzigo ukikwama njiani.

Namba iliyo kwenye prosesa

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atakwambia "ni Core i5" na kunyamaza. Core i5 zipo za zamani na za karibuni. Mwambie akutumie picha ya namba kamili. Ikiandikwa i5-6500T, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita. i5-8500T ni kizazi cha nane. Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane au zaidi. Kwa majina ya mashine, tafuta EliteDesk 800 G4, OptiPlex 3060 au 7060, au ThinkCentre M720q. EliteDesk 800 G3, OptiPlex 3050 na M710q ziko nyuma ya mstari huo. Hazifai kutupwa, na ukiweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, zinafanya kazi vizuri sana. Ila bei yake iwe ya chini, na usikubali kuambiwa Windows 11 "imeingia tu bila shida".

RAM GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha kazi ya nyumbani na ya kiofisi kidogo.

Kisha uliza haya, hata kama muuzaji anaona unamchosha. Chaja ipo, na ni ya mashine hiyo? Dell isipoitambua chaja yake inaweza kupunguza mwendo. Ina Wi-Fi? Nyingi hazina, ingawa unaweza kupata intaneti kwa kuunganisha simu na waya wa USB. Ukitaka kutumia televisheni kama skrini, ina tundu la HDMI? Baadhi zina DisplayPort pekee, basi utahitaji waya wa kuunganisha hizo mbili. Kamera haina, kwa hiyo usaili wa mtandaoni utafanyia kwenye simu. Mwisho, akuonyeshe kwa video ikiwaka na kuingia kwenye BIOS bila kudai neno la siri. Mashine iliyofungwa na ofisi yake ya zamani ni taabu kuifungua.

Sasa malipo

Andika bei ya vyote pamoja: kisanduku, skrini, kibodi na mausi, UPS, nauli ya mzigo. Ikiwa jumla inakushinda leo, weka akiba kidogo kidogo. Fuliza haikutengenezwa kwa kununua kompyuta, ada yake inahesabiwa kwa siku.

Lipa kwa till au paybill ya duka. Muuzaji akisema "till ina shida, tuma kwa namba hii ya kijana wangu", simama hapo. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, lisome, ulilinganishe na jina la duka. Ukituma kwa namba isiyo yenyewe, sambaza ujumbe wote wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Lakini huduma hiyo ni ya pesa zilizokosea njia. Haiamui kesi ya mashine mbovu, kwa hiyo ukiweza kulipa mzigo ukifika, au kumtuma ndugu aliye Nairobi aiwashe dukani kabla hujalipa, fanya hivyo.

Ujumbe wa malipo usiufute. Piga picha yake pamoja na risiti na serial namba ya mashine, maana dukani watakapokuuliza kuhusu waranti, hivyo vitatu ndivyo watakavyoanza kuvitaka.