Nyumba 12, pampu moja: Chama cha wenye nyumba ufukweni kinavyoendeshwa

Ni Desemba, nyumba zote zimejaa wageni, na pampu ya kisima imekufa. Fundi anataka pesa leo. Mweka hazina anaangalia akaunti: hakuna kitu. Watatu hawajalipa tangu Machi, na mmoja wao yuko Ujerumani, simu hapokei.

Kama una kanyumba ka mapumziko Watamu, Kilifi au Diani, ndani ya ua wenye geti moja na majirani kumi hivi, hii hadithi unaijua.

Kwanza, nyinyi ni nani kisheria?

Grupu la WhatsApp si chama. Haliwezi kusaini mkataba na kampuni ya ulinzi, wala kumdai mtu.

Kama nyumba zenu zimesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba kwa sehemu, shirika la wamiliki linazaliwa lenyewe ramani ya mgawanyo inaposajiliwa. Kila mwenye nyumba ni mwanachama, atake asitake.

Kama kila mtu ana ploti yake, lakini barabara na kisima ni vya wote, kawaida huundwa kampuni ya usimamizi na kila nyumba inapata hisa moja.

Njia ya tatu ni chama cha kawaida cha wakazi. Ni rahisi kusajili, ila kujiunga ni hiari. Jirani anaweza kujitoa leo, na kesho bado anapita geti lile lile mnalolipia nyinyi. Ndiyo maana, kabla hujanunua, soma hati na mkataba wa mauzo: je, vinamfunga kila mnunuzi kulipa ada?

Hesabu ya ada

Tuchukue mfano. Nyumba 12, na matumizi ya mwezi (askari, taa za njiani, taka, mtunza bustani, umeme wa pampu) ni shilingi 180,000. Kila nyumba inalipa 15,000. Watatu wakigoma, 45,000 hazipo, yaani robo ya bajeti. Askari hawezi kulinda robo tatu ya usiku.

Halafu kuna chumvi. Wanaotoka Nairobi hili huwashangaza. Upepo wa bahari unakula bawaba za geti, nyaya, mota na mabati haraka kuliko bara. Makuti nayo yanachoka, lazima yaezekwe upya kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo ada isiishie kwenye mishahara tu. Sehemu yake iende kwenye mfuko wa akiba, akaunti tofauti, na kutoa pesa kuhitaji sahihi mbili. Pampu ya Desemba inanunuliwa na akiba ya Februari.

Na tafadhali, mwenye nyumba asiseme "mimi huja mara mbili kwa mwaka, kwa nini nilipe sawa?" Askari analinda nyumba yake zaidi akiwa hayupo.

Asiyelipa afanywe nini?

Kishawishi cha kwanza ni kumkatia maji. Polepole hapo. Maji safi ni haki iliyoandikwa kwenye ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya, na kesi inaweza kuwageukia nyinyi. Anzeni na barua yenye hesabu kamili, kisha kikao cha kusikilizana. Sheria ya 2020 inataka shirika la wamiliki liwe na kamati ya kutatua migogoro ya ndani.

Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya pesa ya hadi shilingi milioni 1. Muulizeni wakili kwanza, maana mizozo mingine ya aina hii huishia Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ufuo si wenu

Hapa kamati nyingi zinajikwaa. Katiba, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Mvuvi anayepita mbele ya nyumba yako hajaingia kwako. Waelezeni askari hilo siku ya kwanza ya kazi, si baada ya ugomvi.

Ukuta wa kuzuia mawimbi nao haujengwi kwa kura ya mkutano. Unahitaji kibali cha NEMA, na mara nyingi mawimbi yaliyozuiwa kwako yanakwenda kula mchanga wa jirani. Watamu, ambako kasa hutaga, zimeni pia taa zinazomulika ufukweni usiku. Zinawapoteza.

Kingine kisichoonekana ni maji taka. Mwamba wa matumbawe una matundu kama sponji. Tangi la choo likivuja, uchafu unaweza kufika kisimani. Mtu mmoja anayepuuza tangi lake anawanywesha wote.

Mkutano wa lini?

Wengi huweka mkutano mkuu Januari, wakati kila mtu amesharudi kazini, akidi haitimii, na maamuzi yanafanywa na watu wanne. Jaribuni wikendi ya Pasaka wenye nyumba wakiwa Pwani. Walio ng'ambo waingie kwa video au wamwandikie mtu idhini ya kuwapigia kura. Na kila mwisho wa mwezi, mweka hazina atume ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa nyumba namba ngapi. Hata yule wa Ujerumani ataufungua.