Moto wa tanuru la kioo haulipiwi na mtu mmoja

Sanaa ya kioo ni biashara ya moto kabla ya kuwa biashara ya urembo. Tanuru la kuyeyushia kioo hufikia zaidi ya nyuzijoto 1,000 za Selsiasi, na kwa kawaida huachwa likiwaka usiku na mchana, maana kulizima na kuliwasha upya huharibu vyungu na kupoteza muda. Wateja waje wasije, gharama ya nishati iko palepale. Ndiyo maana mafundi wengi hukusanyika kwenye vituo ambako moto mmoja hulipiwa na wanafunzi, watazamaji na wanunuzi.

Njia hiyo ilifunguliwa Toledo, Marekani, mwaka 1962, pale Harvey Littleton na Dominick Labino walipoonyesha kwenye warsha kwamba msanii anaweza kupuliza kioo kwa tanuru dogo, nje ya kiwanda. Leo Pittsburgh Glass Center, kilichofunguliwa mwaka 2001, hufundisha wanaoanza, hukodisha karakana kwa wasanii na kuonyesha kazi zao.

Hata hivyo, jina kubwa peke yake halilipi gharama. National Glass Centre ya Sunderland, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1998. Mwaka 2023 chuo kikuu kilichokuwa kikiimiliki kilitangaza kuwa kitaliacha jengo hilo, baada ya makadirio ya ukarabati kufika hadi pauni milioni 45.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Jijini Arusha, karakana ya Shanga huwaajiri mafundi wenye ulemavu, ambao hugeuza chupa zilizotumika kuwa glasi na mapambo mbele ya macho ya wageni. Kitengela, Kenya, kazi iliyoanzishwa na Nani Croze nayo hutumia vioo vilivyotupwa. Hapo pana faida ya kiuchumi: kila asilimia 10 ya vioo vikuukuu ikiingia katika mchanganyiko, nishati hupungua kwa takriban asilimia 2 hadi 3.

Udhaifu wetu ni kumtegemea mno mtalii. Utalii uliposimama mwaka 2020, biashara nyingi za aina hii zilibaki bila soko la uhakika. Soko la nyumbani ndilo kinga. Vyuo vya ufundi vipeleke vijana wakajifunze, na hoteli, makanisa na misikiti inayojengwa iagize taa na madirisha kwa mafundi wa hapa kabla ya kuagiza ng'ambo.