UZI: "Data zetu ziko wapi?" Swali zuri, ila halitoshi

1/ Mdahalo wowote ukigusa huduma za mtandaoni, mmoja atasema data za Wakenya ziko ng'ambo, mwenzake atajibu ziko salama Nairobi. Ndugu zangu, wote wawili wanaweza kuwa sawa. Mimi nasoma siasa, si kompyuta, lakini hili linaeleweka.

2/ Huduma ina sehemu mbili. Mbele ni programu unayoiona kwa simu. Hiyo yaweza kukaa kwa seva za kukodi, ndiyo wanaita wingu. Nyuma ni daftari: majina, nambari za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa. Hilo laweza kubaki kwa mashine za serikali yenyewe.

3/ Mfano ni eCitizen. Ukifungua akaunti kwa kitambulisho, maelezo yako yanalinganishwa na sajili ya watu ya serikali.

4/ Sasa, hizo pande mbili zinaunganishwa vipi? Mpango mzuri haufungui daftari kwa intaneti nzima. Mashine ya ndani ndiyo inayotoka kwenda kukutana na programu. Na kila swali linabeba uthibitisho wa mtu aliyeingia, wa muda mfupi.

5/ Mpango mbaya unaipa programu ufunguo mmoja wa kila kitu. Hapo daftari linajua tu "programu imeuliza". Afisa akichungulia faili la jirani yake wa Ukunda, hutajua ni nani. Siasa iko hapa: nani ataulizwa?

6/ Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, huduma zikakwama. Serikali ikasema data haikupotea. Tuseme ni hivyo: mlango ukizibwa, hata daftari likiwa salama, mwananchi bado anabaki nje.

7/ Kuna walio nje hata mlango ukiwa wazi. Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea hadi Nairobi kudai haki yao, ndipo wakatambuliwa kama kabila la 43. Wapemba wa pwani hii wakasubiri hadi 2023. Kama daftari halikujui, programu haina la kukufanyia, hata uwe na bando na simu ya bei.

8/ Sheria ipo: ya Ulinzi wa Data, 2019. Na 2021 Mahakama Kuu iliona kadi za Huduma zilitolewa bila kwanza kupima hatari kwa data za watu, kinyume na sheria hiyo. Kwa hiyo kuuliza si uchochezi.

9/ Mgombea akija Diani ama Msambweni na ahadi ya "kila kitu kwa simu", muulizeni matatu: Nani ana ufunguo? Nani anaandika kila aliyechungulia? Na asiye kwenye daftari ataingizwa lini? Akijibu la kwanza pekee, msimwachie maikrofoni ipite.