Kisima cha mwenyeji na bwawa la mgeni

Na Mwandishi Wetu

NENO safari limetembea kuliko wengi wetu. Lilitoka katika Kiarabu, likatulia pwani hii ya Waswahili, likaenda bara pamoja na wapagazi waliotoka Bagamoyo na Mombasa na mizigo vichwani. Katika karne ya 19 wapelelezi wa Kizungu wakalichukua na kulitia katika vitabu vyao. Leo hutamkwa London na New York bila kutafsiriwa. Hata huko kusini mwa Afrika, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji, mgeni akishuka kwenye ndege huambiwa kwamba safari yake imeanza.

Safari hiyo ya leo haina mzigo wa kichwani. Mgeni hupokewa uwanja wa ndege wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, akatiwa katika ndege ndogo ya watu wachache, na baada ya muda wa kama saa moja akateremshwa katikati ya jangwa. Huko humngoja gari lililo wazi ubavuni na mwongozaji aliyevaa nguo za rangi ya vumbi. Usiku atalala ndani ya hema, lakini hema lenyewe lina kitanda cha mbao, shuka nyeupe, choo cha ndani na maji ya moto. Vyakula huletwa kutoka mbali. Katika kambi za namna hii si ajabu mtu mmoja kulipa dola 1,000 za Marekani kwa usiku mmoja, na ziko zinazotoza zaidi ya hapo.

Huenda msomaji akauliza: mtu ana nini hata alipe fedha zote hizo kwenda kutazama mchanga? Swali ni la haki. Na jibu lake lina pande mbili, moja la kupendeza na moja la kutia uchungu.

MCHANGA NA UKUNGU

Tuanze na la kupendeza. Jangwa la Namib limelala kando ya bahari ya Atlantiki, kutoka Angola hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa ardhi husema ni miongoni mwa majangwa makongwe kabisa duniani. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliitia bahari yake ya mchanga katika orodha ya urithi wa dunia.

Mahali panapopendwa zaidi na wageni ni Sossusvlei. Hapo vilima vya mchanga vimesimama kama milima, na kimoja ambacho waongozaji hukiita Big Daddy chapanda zaidi ya mita 300. Mchanga wenyewe ni mwekundu, kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake kilichoshika kutu. Wageni huamshwa alfajiri wakauone mwangaza wa kwanza ukiangukia upande mmoja wa kilima huku upande wa pili ungali kizani. Chini ya vilima hivyo pana bonde liitwalo Deadvlei, lenye udongo mweupe uliokauka. Ndani yake mna miti iliyokufa mamia ya miaka iliyopita na mpaka leo ingali wima. Haikuoza, kwa kuwa ukavu wa mahali hapo haukuacha unyevu wa kuiozesha.

Sehemu za pwani za jangwa hili hazipati hata sentimita 2 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo viumbe vya Mwenyezi Mungu vinaishi. Mkondo wa maji baridi wa Benguela upitao baharini huzaa ukungu, na ukungu huo huingia jangwani usiku na asubuhi. Yuko mbawakawa mdogo mweusi ambaye hupanda juu ya kilima cha mchanga, akainamisha kichwa chini na kuinua mgongo juu. Ukungu humgandia mwilini, ukawa matone, na matone yakateremka mpaka kinywani mwake. Hivyo ndivyo anavyokunywa. Ukiona hivyo huna budi kusema Subhanallah.

Muislamu atakayejaaliwa kufika huko ana mambo yake ya kuangalia. Jua linapokaribia kutua, waongozaji wana desturi ya kusimamisha gari mahali penye mandhari nzuri, wakatandika meza na kufungua chupa za ulevi. Kwao ndiyo saa ya starehe, kwetu ndiyo saa ya Magharibi. Ni vizuri kumwambia mwongozaji mapema kwamba wewe wataka nafasi ya kusali, naye aghalabu atakuonyesha mahali pa salama pasipo na mnyama mkali. Maji yakikosekana, sheria imetupa tayamamu, na wanavyuoni wetu wa Kishafii wataka udongo safi wenye vumbi. Nyama nayo yataka kuulizwa kabla, kwani kambi nyingi huwapa wageni nyama ya choroa na swala, nayo hujui imechinjwaje.

NCHI YA KIU

Safari nyingi za namna hii haziishi Namibia. Ndege ndogo huwavusha wageni mashariki mpaka Botswana, na kutoka mji wa Maun wakapelekwa Kalahari. Jina la Kalahari linasemekana latokana na neno la Kitswana lenye maana ya kiu kubwa, na kweli ni nchi ya kiu. Si jangwa tupu kama Namib, maana mvua hunyesha miezi michache, majani yakaota na swala wakajaa mabondeni. Lakini mvua ikiisha hakuna mto wala ziwa. Maji huzama mchangani.

Katika nchi hiyo wamekaa Wasan, ambao Watswana huwaita Basarwa, tangu zamani zisizo na tarehe. Pamoja nao wako Wakgalagadi. Wasan ni wawindaji na wachuma matunda, na elimu yao kubwa ni elimu ya maji. Wanajua ni mzizi gani uliobeba maji chini ya ardhi ingawa juu pameonekana kijiti kikavu tu. Hula matikiti ya porini, ambayo ni jamaa wa haya matikiti tunayouziwa sokoni, na kwa miezi mizima hayo ndiyo kinywaji chao. Penye mchanga wenye unyevu huchimba tundu, wakatia mwanzi na kuvuta maji kwa kinywa polepole, kisha wakayahifadhi katika maganda ya mayai ya mbuni. Mtu wa Lamu hatashangaa kusikia kwamba mchanga hutunza maji, kwani maji matamu ya mji wake hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Elimu hii sasa imekuwa bidhaa. Katika kambi kadhaa za Kalahari, mgeni hutembezwa asubuhi na Wasan waliovaa ngozi, wakamwonyesha namna ya kuchimba mzizi na kuwasha moto kwa vijiti viwili. Mgeni hupiga picha, akarudi kambini kwa chakula cha mchana.

KISIMA KILICHOZIBWA

Sasa tuje kwenye upande wa uchungu. Mwaka 1961, kabla Botswana haijapata uhuru, serikali ya Kiingereza ilitenga hifadhi ya Kalahari ya Kati, yenye kilomita za mraba kama 52,800. Ukiziunganisha Tsavo zetu mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, hifadhi hii ni zaidi ya mara mbili yake. Nia mojawapo ya kuitenga ilikuwa kuwaachia Wasan mahali pa kuwinda na kuishi kama walivyozoea.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1997 na tena mwaka 2002, serikali ya Botswana iliwahamisha wakazi na kuwapeleka katika vijiji vya nje ya hifadhi, kama New Xade na Kaudwane. Mwaka huo wa 2002 huduma za serikali zilikatwa, na kisima cha mashine cha Mothomelo, ambacho ndicho kilichowanywesha watu, kikatolewa mitambo yake na kuzibwa.

Haki yataka upande wa serikali nao usikizwe. Serikali ilisema kwamba watu wale hawakuwa tena wawindaji wa kale, kwa kuwa walikwisha kufuga mbuzi na farasi na kulima, na kwamba jambo hilo haliendani na hifadhi ya wanyama. Ilisema pia kwamba kuwapelekea maji na dawa watu wachache waliotawanyika jangwani ni gharama kubwa, na kwamba katika vijiji vipya watoto watapata shule na wagonjwa zahanati. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini kumjengea mtu zahanati ni jambo moja, na kumzibia kisima ili ahame ni jambo jingine.

Wakazi walikwenda mahakamani. Tarehe 13 Desemba 2006, Mahakama Kuu iliamua, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba watu wale waliondolewa katika ardhi yao kinyume cha sheria. Baadhi yao wakarudi. Lakini serikali ilishikilia kwamba hukumu yawahusu wale tu ambao majina yao yaliandikwa katika kesi, na haikukubali kisima kifunguliwe. Waliorudi wakawa wanabeba maji kutoka nje ya hifadhi, mwendo mrefu wa mchangani, au wakategemea mizizi na matikiti kama babu zao.

Wakati huohuo, ndani ya hifadhi ileile, kambi ya watalii iliruhusiwa kufunguliwa. Maji ikapata, na wageni wakawekewa bwawa la kuogelea. Visima vya kunyweshea wanyama navyo vilichimbwa. Mnyama alikunywa, mgeni akaoga, na mwenyeji akabaki na ganda lake la yai.

Mwaka 2010 wakazi walishindwa katika Mahakama Kuu walipodai haki ya kutumia kisima. Wakakata rufaa. Tarehe 27 Januari 2011, Mahakama ya Rufaa iliwapa haki yao: watumie kisima cha Mothomelo na wachimbe vingine kwa gharama zao wenyewe. Majaji walisema kwamba kuwanyima watu maji namna ile ni kuwadhalilisha, jambo ambalo katiba ya Botswana yalikataza.

Ugomvi haukuishia hapo. Mzee mmoja aliyezaliwa katika hifadhi hiyo alifariki Desemba 2021, na jamaa zake wakataka kumzika kwao. Walikataliwa. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufaa, na maiti ikakaa chumba cha baridi karibu miaka mitatu. Sisi ambao dini yetu yatuhimiza kuharakisha mazishi twaweza kukisia uzito wa jambo hilo. Novemba 2024 Duma Boko, ambaye zamani alikuwa mmoja wa mawakili wa Wasan katika kesi yao ya ardhi, akawa Rais wa Botswana. Mwezi uliofuata mzee yule akazikwa katika ardhi aliyozaliwa.

MGENI HUOMBA RUHUSA

Je, maana yake ni kwamba safari hizi ni haramu, au kila atembeaye ana dhambi? La. Wahenga walisema tembea uone, na walisema pia mgeni njoo mwenyeji apone. Shida ni pale mgeni anapokuja na mwenyeji asipone.

Iko njia nyingine, na iko jirani tu. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1996, iliwaruhusu wanavijiji kujiandikisha na kusimamia wanyama wa maeneo yao na kupata mapato ya utalii. Leo maeneo ya namna hiyo yamepita 80. Kambi inayojengwa katika ardhi yao huandikiana mkataba na wanakijiji, ikawalipa na kuwapa kazi vijana wao. Njia hiyo ina kasoro zake, na wako wanaolalamika kwamba fungu la mwananchi ni dogo. Walakini angalau mwenyeji huketi mezani wakati wa kupatana bei.

Jambo hili si geni kwetu. Waboni wa Lamu, ambao wengi wao ni ndugu zetu katika Uislamu, waliishi kwa uwindaji na asali ya msituni. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, maisha yao ya zamani yamekuwa kosa kisheria. Wanajua maana ya mtu kuambiwa kwamba mnyama wa kwao ana haki kumshinda.

Katika dini yetu maji si bidhaa kama vitambaa. Wanavyuoni wamefundisha kwamba mwenye kisima hana ruhusa kumnyima mwenye kiu maji yaliyomzidi, awe mtu au mnyama. Na tukumbuke kisa cha Bi Hajar. Alipoachwa na mwanawe katika bonde kavu la Makka, na Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam, walipita watu wa kabila la Jurhum. Walikuwa wengi, naye alikuwa mwanamke peke yake na mtoto. Wangeweza kumpokonya. Badala yake walimwomba ruhusa ya kukaa karibu naye, akawaruhusu kwa sharti kwamba maji yatabaki yake, nao wakakubali.

Basi ikiwa wewe msomaji, au mwanao aliye ng'ambo mwenye uwezo, utajaaliwa kwenda kuona vilima vyekundu vya Namib na simba wa Kalahari wenye manyoya meusi shingoni, nenda kwa amani. Lakini kabla ya kulipa, uliza kama waulizavyo watu wa Jurhum. Ardhi hii ni ya nani? Aliyezaliwa hapa yuko wapi leo? Analipwa nini? Na maji yake anateka wapi? Mwenye kambi akikujibu bila kigugumizi, mpe fedha zako. Akikwepa swali, dunia ina majangwa mengine.