Mbuga ya Queen Elizabeth: fahamu mpaka wake, fahamu haki yako

Kama uliingia Uganda kupitia Mpondwe na kupanda gari kuelekea mji wa Kasese, ulipita ndani ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth. Sehemu kubwa haina ukuta, kwa hiyo ni rahisi kuvuka mpaka wake bila kujua unapotafuta kuni au malisho. Kwa familia za Bwera, Mahango na vijiji vya tambarare, kujua mpaka huo ni jambo la maana sana.

Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kubadilishwa jina mwaka 1954. Ina kilomita za mraba 1,978 na inapakana na Mbuga ya Virunga nchini Kongo. Tembo, nyati na simba huvuka kati ya nchi hizi mbili, na wakati mwingine huingia mashambani. Katika baadhi ya maeneo, mitaro na nyaya za umeme zimewekwa kuwazuia.

Je, naweza kulipwa fidia?
Ndiyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu fidia mtu anapouawa, anapojeruhiwa au mali yake inapoharibiwa na wanyama waliotajwa, wakiwemo tembo, simba, nyati, kiboko na mamba. Lakini tukio lazima liwe limetokea nje ya eneo lililohifadhiwa. Aliyeshambuliwa akiokota kuni ndani ya mbuga bila ruhusa hana fidia, na anaweza kushtakiwa.

Nifanye nini tembo wakiharibu shamba?
Usiwafukuze peke yako, hasa usiku. Mjulishe mapema mwenyekiti wa LC1 na ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) iliyo karibu. Usifute nyayo wala kuondoa mazao yaliyoharibiwa kabla hayajakaguliwa. Piga picha ukiweza. Madai hupitia kamati ya uhakiki, kwa hiyo malipo hayaji siku hiyohiyo.

Simba akiua ng'ombe wangu?
Toa taarifa vilevile. Usiweke sumu kwenye mzoga. Aprili 2018, simba 11, wakiwemo watoto 8, walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, na ilishukiwa walilishwa sumu. Sumu hiyo huua pia tai na mbwa wa kijiji. Kuua mnyama aliye hatarini kutoweka kunaweza kukupeleka jela maisha.

Jirani wa mbuga ananufaika na nini?
Kisheria, asilimia 20 ya viingilio vya watalii hurudishwa kwa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga, kwa ajili ya miradi ya jamii. Uliza katika mkutano wa kijiji fedha hizo zimefanya nini kwenu.

Kabla hujamtuma mtoto kuokota kuni, muulize mwenyekiti wako mpaka unapita wapi. Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha yake.