Barabara ya Masaka, sehemu ya tatu: Pokino, tuta na maji ya Katonga

Mwishoni mwa mwaka 2024 Bunge la Uganda liliifuta Mamlaka ya Barabara za Taifa, UNRA, na kuzirudisha barabara kuu mikononi mwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mazungumzo ya Kampala yakahamia papo hapo kwenye ajira: nani atabaki, nani atalipwa chake aende, nani atarithi ofisi na magari. Ni maswali halali, hasa kwa mwenye watoto shuleni. Lakini swali linalomgusa zaidi abiria wa basi la Mbarara halikupata mtu wa kuling'ang'ania. Kipande hiki cha lami, kutoka jiwe hili la kilomita hadi lile, ni cha nani? Mvua ikikibomoa usiku wa leo, kesho asubuhi anaitwa nani, kwa jina lake?

Kwenye njia ya Masaka swali hilo liliwahi kuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa Pokino.

Wasomaji wa mfululizo huu wameshaifuata njia kutoka Clock Tower na Katwe, wakapita Ndeeba na Nateete hadi mzunguko wa Busega, kisha Nsangi, na kupumzika Mpambire kwa mafundi wa ngoma. Wanajua pia kwamba hii si barabara ya Masaka peke yake. Ni mkono wa Ushoroba wa Kaskazini, unaoshusha mizigo ya Mombasa hadi Mbarara, Kabale, mpaka wa Katuna na Rwanda nzima. Sehemu hii inaingia mahali ambapo barabara yote hufaulu au hushindwa, yaani kinamasini.

Kabla ya kuteremka huko, gari hupita Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta. Hapo pana duara mbili nyeupe za saruji, maduka ya vinyago, na vijana wenye mabeseni wanaomwonyesha mgeni jinsi maji yanavyozunguka kwa kulia upande mmoja wa mstari na kwa kushoto upande wa pili. Ni mchezo mzuri, na ujira wao ni halali kama wa msanii yeyote, ila sayansi si hiyo. Mzunguko wa dunia hupinda pepo za bahari kuu, hauna nguvu ya kupinda maji ya beseni. Kinachoyazungusha ni mkono unaoyamimina. Mtalii anayetaka kuona maji yakifanya jambo la ajabu kweli aendelee mbele kidogo tu, hadi Katonga.

Katonga ni mto uliogeuka. Zamani sana, kabla Ziwa Viktoria halijakuwapo, maji ya eneo hili yalitiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, kuelekea bonde la Kongo. Ardhi ilipoinuka kandokando ya Bonde la Ufa, njia ile ikazibwa. Maji yakarudi nyuma, yakajaa uwanda wa chini na kulifanya ziwa tunalolijua. Bonde la Katonga likabaki na tabia ya kigeugeu: sehemu yake ya mashariki humwaga maji kwenye Ziwa Viktoria, ya magharibi huelekea Ziwa George, na katikati ni mafunjo yasiyojua yaelekee wapi. Mto wa namna hiyo hauna haraka. Hausukumi, hutuama, hujaa na kusubiri. Mahali barabara inapoukuta, pamoja na kinamasi cha Lwera kinachoandamana na lami kwa kiasi cha kilomita 20, mhandisi hapambani na mkondo bali na sifongo.

Waganda wa kale waliielewa sifongo hiyo. Buganda ya karne ya 19 ilikuwa na barabara kabla haijawa na gurudumu, jambo ambalo vitabu vya shule bado hulipita kwa sentensi moja, na safu hii haitachoka kulirudia. Njia zilitoka kwenye ikulu ya Kabaka kama mionzi, kila moja ikielekea makao ya mkuu wa saza. Mmisionari John Roscoe, aliyechapisha kitabu chake kikubwa juu ya Waganda mwaka 1911, anaeleza kwamba kila mkuu wa saza alibebeshwa wajibu wa kutunza barabara yenye upana wa yadi nne hivi kutoka mji mkuu hadi makao yake, hata kama umbali ulikaribia maili 100. Mugema wa Busiro alikuwa na yake, Kayima wa Mawokota yake. Mzigo wa Pokino, mkuu wa Buddu, ulikuwa miongoni mwa mirefu, kwa kuwa makao yake yalikuwa upande wa Masaka, ng'ambo ya Katonga.

Buddu ilikuwa nchi iliyotekwa. Kabaka Jjunju aliinyakua kutoka kwa Bunyoro mwishoni mwa karne ya 18, na tangu hapo ikulu ilihitaji njia ya uhakika ya kuifikia: kodi ije, askari waende, habari zisichelewe. Ndiyo maana barabara zile zilinyooka kama uzi, zikipanda kilima na kukishuka upande wa pili bila kukizunguka. Mguu hauogopi mwinuko. Tena ikulu haikukaa mahali pamoja. Kabaka Mutesa alikuwa Banda mwaka 1862, baadaye akawa Rubaga, na akafia Nabulagala, yaani Kasubi, mwaka 1884. Kila alipohama, vichwa vya barabara vilibidi vielekezwe upya.

Na kinamasini? Walilaza magogo ya mikindu, wakashindilia mabua ya mafunjo na udongo, wakaacha nafasi za maji kupita. Daraja la namna hiyo halikudumu. Lilizama, lilioza, lilitaka mikono ya watu kila msimu. Lakini lilikuwa na fadhila moja ambayo tuta la kisasa limeikosa: lilivuja. Maji yalipenya katikati ya magogo kwa urefu wake, bila kulazimishwa kugombania midomo michache. Barabara ya lami hukaa juu ya ukuta wa kifusi uliokatiza bonde, na maji yote ya upande wa juu huambiwa yapite darajani au kwenye makalavati. Mvua ya kawaida hutii. Mvua kubwa ikija, maji husimama nyuma ya ukuta, mafunjo yaliyong'oka huja kuziba midomo, na kwa kuwa njia ni nyembamba mkondo huongeza kasi na kuchimba udongo chini ya nguzo za pembeni. Daraja huanguka kwa kuliwa miguu.

Waswahili wa pwani walikuja Buganda kwa njia hiihii, wakitokea kusini. Msafara uliondoka Unyanyembe, ukafika Karagwe, ukavuka Kagera, ukaingia Buddu, kisha Katonga. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na ndiye anayekumbukwa kwa kuthubutu kumwambia mfalme, mbele ya watu wake, kwamba wale aliowaamuru wauawe waliumbwa na Mungu. Uislamu wa Uganda huanza kusimuliwa hapo. Kitambaa, shanga na bunduki zilikwenda kaskazini, pembe za ndovu zikateremka kusini, na watumwa pia. Hilo la mwisho halifai kupitwa kimya kwa sababu tu biashara yenyewe ilipendezesha ramani.

Miaka 18 baadaye akaja John Hanning Speke kwa njia hiyohiyo, akiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, huku mwenzake Grant amebaki Karagwe na mguu mgonjwa. Waarabu walikuwa wamemsimulia Katonga kama maji mapana ya kutisha. Alichokikuta ni matete na tope la kupita kwa miguu. Ila barabara za Waganda zilimshangaza, na alizisifu kwa upana wake.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliuchukua mpango ule wa kale wa machifu kutunza barabara na kuuandika kisheria. Kabaka na machifu waliruhusiwa kudai mfanyakazi mmoja kwa kila nyumba tatu ili kutengeneza barabara, mradi mtu asifanyishwe kazi hiyo zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka. Ndiyo luwalo ambayo babu za wasomaji wengi waliijua migongoni mwao. Serikali ya kikoloni haikutosheka, ikaongeza kasanvu, kazi ya lazima kwa ujira mdogo, iliyoendelea hadi ilipofutwa mwaka 1922. Kwa hiyo wanaoisifia bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijamii, kila tarehe 8 Oktoba, wakishika mafyekeo na makoleo kwa saa mbili mbele ya kamera, wakumbuke kwamba katika historia yake umo pia mjeledi. Jambo la kuiga si mjeledi. Ni kule kujua mwenye zamu: mwanakijiji aliyeona shimo alijua ni la nani, na Kabaka aliyechelewa kupata habari kutoka Buddu alijua amwite nani.

Umuhimu wa tuta la Katonga ulionekana wazi zaidi katika vita vya Tanzania na Amin. Jeshi la Tanzania, JWTZ, liliitwaa Masaka tarehe 24 Februari 1979, na mbele yao ikabaki njia moja ya magari kwenda Kampala, yaani tuta la kilomita 25 hivi linaloanzia Lukaya na kukatiza kinamasi. Lingevunjwa, safari ya Kampala ingechelewa kwa miezi. Nyerere akaagiza lishikwe kwanza. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ya Imran Kombe ikaingia Lukaya, lakini jioni ikapigwa kwa roketi na jeshi la Amin lililosaidiwa na Walibya, na askari wengi wapya wakatawanyika matopeni. Usiku huo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa imezunguka upande wa kaskazini-magharibi, iligeuka na kuikimbilia barabara ya Kampala. Alfajiri ikawatokea wapinzani ubavuni. Kampala ilianguka mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili.

Miaka sita baadaye daraja la Katonga likawa tena mpaka wa vita. Kuanzia miezi ya mwisho ya 1985 jeshi la waasi la NRA lilikaa upande wa Masaka na jeshi la serikali upande wa Kampala, kila mmoja akijua kwamba atakayepita hapo ameshafika. NRA walipita, na tarehe 26 Januari 1986 wakaitwaa Kampala. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi nchini inaitwa Katonga hadi leo, na Nyerere naye alitunukiwa baada ya kufa. Nchi iliyomvisha shujaa jina la daraja ingetarajiwa kulitunza daraja lenyewe.

Mei 2023 Katonga ilifurika, daraja likaliwa miguu kama ilivyoelezwa hapo juu, na barabara ikafungwa. Magari yakaambiwa yazunguke Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria, kwenye njia ambazo hazikujengewa malori ya Kigali. Nauli zikapanda. Lukaya, mji unaoishi kwa kuuza nyama choma na gonja kwenye madirisha ya mabasi, ukakosa madirisha. Wauza samaki wa Lwera walikaa na kamongo wao bila mnunuzi. Kisha ikawekwa njia ya muda, magari yakarudi, na lawama zikapoa.

Wengi waliwanyooshea kidole wachimba mchanga wa Lwera, na hawakukosea kuuliza. Kwa miaka mingi mitambo imechota mchanga kutoka kinamasini humo na kuacha mashimo yaliyojaa maji, na upande mwingine mashamba ya mpunga yamefyeka mafunjo. Serikali ilipiga marufuku kilimo cha mpunga kwenye ardhi oevu mwaka 2021. Kwenda kuangalia kama marufuku inafuatwa hakuhitaji zaidi ya nauli ya taksi. Lakini mchanga huo unakwenda wapi? Uko kwenye kuta za maghorofa ya Kampala, yakiwemo yale ambayo wapangaji wake walipiga simu redioni kulalamika kwamba barabara imekatika.

UNRA ilianza kazi mwaka 2008, baada ya sheria ya 2006, kwa hoja kwamba wizara ilikuwa imeshindwa na barabara. Sasa barabara zimerudi wizarani kwa hoja kwamba mamlaka ilikuwa ghali. Huenda hoja zote mbili ni za kweli. Wizara ikitaka kuonyesha tofauti, ianze na bango moja pale Katonga, lenye jina la mhandisi wa kipande hicho na namba yake ya simu.

Fedha kubwa kwa sasa ziko upande wa mjini. Barabara mpya ya kasi ya Busega–Mpigi, yenye kilomita 23.7 na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imejikokota kwa miaka kwa sababu ya fidia za ardhi na vinamasi vyake yenyewe. Itakapokamilika itapunguza foleni ya Nsangi. Inaishia Mpigi, huku Katonga ikiwa bado mbele.

Sehemu ijayo itafika Masaka, kwenye njia panda ya Kyotera na Mutukula, na kumfuata Ahmed bin Ibrahim kurudi Kagera.